Madoa ya damu miguuni si ‘damu chafu’, itafutwe sababu yake

UKIKAA nusu saa tu kwenye duka la dawa la mtaani utaliona jambo hili. Mtu anaingia, anakunja suruali mpaka magotini, anaonesha madoa yaliyotapakaa kwenye miundi na vifundo vya miguu. Muuzaji anayatazama kwa mbali, anasema “hii aleji”, anahesabu vidonge vya prednisoloni na kuvitia kwenye bahasha ya khaki, anaongeza tyubu ya krimu, biashara imekwisha. Baada ya wiki madoa yamefifia. Mgonjwa anamsifu muuzaji barazani baada ya swala, na kile kilicholeta madoa kinaendelea na kazi yake ndani ya mwili bila kubughudhiwa.

Ninayoyasema hayawahusu wauzaji wa dawa peke yao. Yanatuhusu sisi wagonjwa, yanawahusu wapigaji hijama, yanawahusu wanaosoma ruqya, na yanawahusu pia baadhi ya madaktari ambao huandika dawa kwanza na kuuliza baadaye.

Ndugu msomaji, tuanze na kuyajua madoa yenyewe. Mishipa ya damu haiko ya aina moja. Ipo mikubwa kama bomba, na ipo midogo sana, myembamba kuliko unywele, ambayo ndiyo inayofikisha damu kwenye ngozi, figo, mapafu, utumbo na mishipa ya fahamu. Kuta za mishipa hii midogo zinaposhambuliwa na askari wa mwili wenyewe, yaani chembe nyeupe na kingamwili, huvimba na kuchakaa, kisha damu huvuja na kuingia kwenye nyama. Hali hiyo wataalamu wanaiita vaskulitisi ya mishipa midogo. Huanzia miguuni mara nyingi kwa sababu ya uzito wa damu inayoshuka mtu anaposimama, na ndiyo maana mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu huyakuta mgongoni na kwenye makalio.

Kuyatambua hakuhitaji mashine. Chukua glasi ya kioo, ibonyeze juu ya doa huku ukitazama. Wekundu wa kuumwa na mbu au wa aleji ya kawaida hutoweka kioo kinapokandamiza, kwa kuwa damu ingali ndani ya mshipa na imesukumwa pembeni tu. Doa la vaskulitisi halitoweki, kwa kuwa damu imekwisha toka nje. Tena ukilipapasa kwa ncha ya kidole utahisi limeinuka kidogo. Hili la kupapasa ni muhimu kwetu watu weusi, maana vitabu vingi vya magonjwa ya ngozi viliandikwa na picha za ngozi nyeupe, na wekundu unaosemwa humo kwetu unakuwa zambarau iliyoiva au weusi mtupu. Muislamu anayeosha miguu yake kwa udhu mara tano kwa siku hana udhuru wa kutoliona doa jipya kwenye kifundo.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa letu la kwanza. Tukiyaona madoa meusi miguuni tunasema ni “damu chafu”, na dawa ya damu chafu ni kuitoa. Hakuna uchafu wowote katika damu ile. Ni damu ileile iliyomo moyoni, imevuja kwa sababu ukuta umetoboka. Anayechanja juu ya madoa hayo anatoboa mahali ambapo tayari pamejeruhiwa, na baadhi ya madoa haya hugeuka vidonda vyenyewe hata bila kuchanjwa.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba jina la ugonjwa ndiyo sababu yake. Vaskulitisi ni sawa na moshi. Ukiuona moshi unafuka dirishani kwa jirani hujajua kama ni ubani, ni kitoweo kinaungua au ni nyumba inateketea.

Waislamu tulipaswa kuwa watu wa mwisho kuridhika na jina tu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Abu Bakr al-Razi, aliyekuwa tabibu wa hospitali huko Rayy na Baghdad, aliandika risala nzima ya kutenganisha ndui na surua. Yote mawili huja na homa na vipele, na watu walikuwa wakiyachanganya. Yeye akakaa akauliza: homa ilianza lini, mgongo unauma au hauumi, vipele vimetoka vipi? Hakuwa na darubini wala maabara. Silaha yake ilikuwa kuuliza na kutazama, na silaha hiyo bado ndiyo ya kwanza katika ugonjwa huu tunaouzungumzia.

Kabla sijafika huko, lipo jambo moja lisilongoja. Mtoto au kijana mwenye homa kali, aliyelegea, shingo imekakamaa au anatapika, akiwa na madoa yasiyotoweka kwa glasi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku wa manane ikibidi. Huyo anaweza kuwa na vijidudu vya homa ya uti wa mgongo katika damu, navyo huua ndani ya saa chache. Mahujaji wanaufahamu ugonjwa huo kwa chanjo wanayotakiwa kuchoma kabla ya safari. Masharti hayo yalikuja kukazwa baada ya mlipuko wa mwaka 1987 na ule wa aina ya W135 wa mwaka 2000. Kwa mgonjwa wa namna hiyo hakuna kukaa kumsomea kwanza. Asomewe ndani ya gari.

Sababu ziko wapi?

Ukiondoa hilo la dharura, daktari mzuri huanza na dawa. Dawa ni miongoni mwa visababishi vinavyopatikana mara nyingi zaidi kwa watu wazima, na ndicho kilicho rahisi kuliko vyote kukiondoa. Penisilini na jamaa zake, dawa za salfa kama Septrin, dawa za maumivu kama diklofenaki, alopurinoli ya ugonjwa wa jongo, hidralazini ya shinikizo la damu, propilthiourasili ya tezi la shingo, zote zimo. Madoa hutokea siku 7 hadi 10 hivi tangu kuanza dawa, wakati mwingine hata wiki tatu, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mgonjwa amemaliza dozi ya jino Ijumaa iliyopita, hakumbuki tena. Anaulizwa “umekula nini jana?” naye anajibu dagaa, basi dagaa wanabeba lawama ambayo si yao.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya ndugu zangu hawatalipenda. Tunapoulizwa na daktari kama tunatumia dawa nyingine, tunasema hapana, huku nyumbani tuna chupa tatu za unga na mafuta tulizonunua nje ya msikiti. Tunaona kwamba dawa ya Sunna si dawa ya kutajwa hospitali. Habbat sauda na asali ni vitu vyema. Lakini unga wenye vitu 21 ndani yake, ambao aliyeutengeneza hasemi ni vitu gani, huo si Sunna hata ukiandikwa Bismillah kwenye karatasi yake. Katika nchi mbalimbali zimewahi kukamatwa dawa za “asili” zilizochanganywa kisirisiri na deksamethazoni au dawa za maumivu za viwandani, ndiyo maana zinaponya viungo usiku mmoja. Chukua mfuko, tia kila kitu unachokimeza, ukaumwage mezani kwa daktari. Mfuko huo una thamani kuliko vipimo vya laki kadhaa.

Baada ya dawa yanakuja maambukizi. Koo iliyouma kwa vijidudu vya streptokokasi, virusi vya homa ya ini aina ya B na C, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, na vijidudu vinavyojenga kwenye vali za moyo. Hili la moyo lisidharauliwe kwetu, ambako watoto wengi walipata homa ya baridi yabisi na vali zao zikabaki na kovu. Mtu ana homa ndogondogo ya wiki nyingi, anakonda, anatoka madoa. Akipewa prednisoloni homa inashuka, anajisikia mzima, na vijidudu vinaendelea kuila vali.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kutafuta sababu ni sehemu ya tiba yenyewe wala si anasa ya wasomi. Dawa ileile inayomuokoa mmoja inamuua mwingine. Prednisoloni ni dawa tukufu kwa mtu ambaye kinga yake imemgeukia. Kwa mwenye kifua kikuu kilichojificha au homa ya ini B isiyotibiwa, inaamsha kilicholala. Na yupo mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, anayeingia kwa nyayo za mtu anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Anaweza kuishi tumboni miaka mingi bila mwenyewe kujua. Mgonjwa akishushwa kinga kwa prednisoloni, minyoo hiyo huongezeka na kusambaa mwili mzima, na wengi wanaofikia hapo hawaponi. Tyubu na bahasha ya khaki havina maandishi ya kumuonya mtu juu ya hayo.

Kundi la tatu ni la maradhi ambamo kinga ya mwili yenyewe ndiyo mkosaji: lupasi, ambayo huwaandama zaidi wanawake vijana, baridi yabisi ya viungo, na yale yanayotambulika kwa kingamwili ziitwazo ANCA. Haya ya ANCA yalianza kueleweka karibuni tu. Kingamwili hizo ziliripotiwa Australia mwaka 1982, na mwaka 1985 zikahusishwa na ugonjwa uliokuwa ukiitwa kwa jina la Friedrich Wegener wa Ujerumani. (Jina hilo liliachwa mwaka 2011 baada ya kubainika uhusiano wake na chama cha Nazi, na mimi naona walifanya vyema.) Mgonjwa wake hutokwa damu puani, pua hujaa magamba, hukohoa damu, na eksirei ya kifua huonesha mashimo. Msomaji wa Tanzania tayari ameshasema moyoni: hicho ni kifua kikuu. Daktari naye husema hivyohivyo, na mara nyingi anapatia. Lakini mgonjwa ambaye makohozi yake hayaoneshi vijidudu, ambaye dawa za kifua kikuu hazimsaidii, na ambaye mkojo wake una damu, huyo anataka kufikiriwa upya. Na kinyume chake kipo: kifua kikuu chenyewe kinaweza kufanya kipimo cha ANCA kisome chanya. Kwa hiyo hata kipimo cha gharama hakimtoshi mtu asiyetaka kufikiri.

Saratani, hasa za damu, nazo huweza kuleta madoa haya, ila ni kwa nadra. Sioni haja ya kumtisha kila mwenye doa.

Vipimo: vichache, kwa mpangilio

Yapo malalamiko ya kweli kwamba mgonjwa akienda hospitali anaandikiwa karatasi ndefu ya vipimo, analipa, na majibu hayasemi kitu. Naafikiana na malalamiko hayo. Kupima kila kitu ni dalili ya kutouliza.

Kipimo cha kwanza na kilicho rahisi kuliko vyote ni mkojo. Kijiti cha kuchovya kinapatikana hata kwenye zahanati, na kinaonesha kama kuna damu au protini. Figo haziumi zinaposhambuliwa. Mtu anaweza kupoteza nusu ya figo zake huku anacheza mpira. Hivyo mkojo, presha, na kipimo cha damu cha figo ndivyo vinavyotenganisha ugonjwa wa ngozi tu na ugonjwa wa mwili mzima. Kisha picha kamili ya damu, ambayo pamoja na mengine huhesabu chembe za kugandisha damu. Zikiwa zimepungua sana, madoa yana maelezo mengine kabisa. Halafu homa ya ini B na C, virusi vya UKIMWI, na eksirei ya kifua. Vingine vifuate kile ambacho mgonjwa amekieleza: lupasi kwa mwenye viungo vinavyouma na nywele kunyonyoka, ANCA kwa mwenye pua, mapafu au figo, kuotesha damu kwa mwenye homa isiyokatika.

Kukata kinyama cha ngozi watu wanakiogopa bure. Ni kipande cha milimita 4 hivi, kwa ganzi, dakika chache. Lakini kinatakiwa kikatwe kwenye doa jipya la siku moja au mbili. Likishazeeka, wadokezi wote wameondoka na maabara inabaki kutazama kovu. Mgonjwa anayekaa wiki tatu akipaka krimu amekwisha uharibu ushahidi. Kwa wenye matatizo ya ngozi yasiyoeleweka, Moshi ipo KCMC na kituo chake cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho wahitimu wake wametawanyika katika hospitali nyingi za nchi hii na za jirani.

Somo kutoka Misri

Nchi ya Kiislamu iliyolipa gharama kubwa kwa jambo hili ni Misri. Tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yake iliendesha kampeni ya kutibu kichocho vijijini kwa sindano za kwenye mshipa. Nia ilikuwa njema. Sindano zilikuwa za kioo, zikirudiwa kwa watu wengi bila kuchemshwa ipasavyo. Virusi vya homa ya ini C vilikuwa bado havijulikani. Vilitambuliwa mwaka 1989, na hapo ndipo Misri ilipojikuta miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani.

Sehemu ya wagonjwa hao hawakuanza kwa ini. Walianza kwa madoa miguuni, ganzi ya nyayo na uchovu. Virusi vya C huufanya mwili utoe protini ambazo huganda zikipata baridi, nazo hukwama kwenye mishipa midogo na kuiwasha. Kipimo cha protini hizo kina mtego wake: damu inatakiwa ibaki na joto la mwili, nyuzi 37, tangu inapotoka mpaka itakapotenganishwa maabara. Ikitiwa kwenye boksi la barafu kama sampuli nyingine, protini huganda na kutupwa pamoja na chembe, na majibu yanarudi “hakuna”. Mtaalamu wa maabara asiyejua hili atampeleka mgonjwa nyumbani na cheti safi.

Lakini tazama faida ya kuijua sababu. Mgonjwa wa Misri aliyekuwa akipewa prednisoloni miaka kumi sasa anameza vidonge vya kuua virusi kwa wiki 12 hivi, na wengi wao madoa yanakwisha kwa sababu kiini kimeondoka. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 Misri ilipima watu karibu milioni 50, ikawatibu waliokutwa nao, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kuitokomeza homa hiyo.

Sasa turudi kwetu, kwa hijama. Sipingi hijama, na simjui Muislamu atakayeipinga. Ninachokipinga ni wembe unaopita kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, na vikombe vinavyosuuzwa kwa maji ya ndoo ileile. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi. Wembe ni wa mtu mmoja na mara moja. Kikombe kilichoingia damu, pamoja na ile vali ya juu inayovutwa na pampu, hakisafishiki kwa kufutwa na pamba ya spiriti. Asiyekubali kuufungua wembe mpya mbele ya macho yako, inuka uvae kanzu yako uondoke. Hali kadhalika wembe wa kinyozi na kisu cha jando. Na mpigaji hijama anayekutana na madoa yasiyotoweka kwa glasi asiweke kikombe, amuelekeze mtu huyo hospitali.

Kwa watoto habari ni nyepesi kidogo. Mtoto wa madrasa wa miaka mitano au sita anapata mafua au koo, baada ya wiki anatoka madoa makalioni na miguuni, magoti yanavimba, tumbo linamkata. Ugonjwa huo zamani uliitwa kwa majina ya Schönlein na Henoch wa Ujerumani, na tangu 2012 unaitwa vaskulitisi ya IgA, kwa jina la kingamwili inayokutwa kwenye mishipa. Walio wengi hupona wenyewe kwa wiki chache. Tafiti zimeonesha kwamba kumuanzishia prednisoloni mapema hakuzuii madhara ya figo, ingawa hupunguza maumivu ya tumbo. Akitapika sana au kuharisha damu apelekwe hospitali, maana utumbo unaweza kujiingiza ndani ya utumbo.

Wapo pia watu wazima, kiasi cha nusu yao, ambao hutafutwa sababu kwa uangalifu na isipatikane. Hapo ndipo nyumba hugeuka. Shangazi anasema ni sihri, jirani anatajwa, na pesa ya mahari inakwenda kwa mganga. “Hatukuona sababu” ni jibu halali la kitaalamu pale ilipotafutwa kweli. Maana yake ni kwamba yale mabaya yameondolewa, figo ni nzima, na madoa yaliyo kwenye ngozi tu aghalabu huisha kwa kupumzika, kuinua miguu na kutosimama kutwa. Ruqya asomewe, hakuna anayemzuia, ila asiuache mkojo wake bila kupimwa.

Mkojo huo, kwa mtoto na kwa mkubwa, upimwe kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi mpaka itimie miezi 6 hata kama madoa yamekwisha, kwa sababu figo huweza kufuata baadaye. Na akina mama wanaoona haya kumuonesha daktari mwanamume miguu yao wana haki ya kumuomba daktari wa kike, au kuingia na mume au dada. Asipopatikana wa kike, dharura ina hukumu yake na masheikh wetu wanaijua. Waitaje kwenye darsa za akina mama. Suala la usafi wa vyombo vya hijama, namna ya kuvichemsha na vipi vya kutupwa, tutalichukua peke yake toleo lijalo, Inshaallah.